Mtia Rangi Aliyelala Chini

Sokoni walimwita Baruti, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa. Alikuwa mtia rangi vitambaa. Karakana yake ilikuwa na mapipa makubwa yaliyofukiwa nusu ardhini, na juu yake zimevutwa kamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kwenye kamba hizo vilining'inia vitambaa vibichi, vyekundu, vya manjano, vya buluu, hata mtu akiingia humo mchana wa jua kali alijiona kama amezama chini ya maji yenye rangi. Wageni walisimama mlangoni midomo wazi. Baruti hakuwa na nafasi ya kutazama juu. Macho yake yalikuwa kwenye mapipa na kwenye mikono ya watu, kutafuta nani amekosea leo.

Na akikasirika, hakukasirika nusu nusu. Sauti yake ilivuka uchochoro mzima, na mshona viatu wa upande wa pili aliweka nyundo chini na kusema, "Haya, imelipuka." Baruti alikuwa ameshavunja mitungi, ameshararua vitambaa vya wateja, na siku moja alilipiga teke pipa la nili, rangi ya buluu, akachechemea mwezi mzima. Kisha, kama walivyo wengi wa aina yake, alisahau upesi. Kwake jambo limekwisha. Alishangaa tu kuona wenzake bado wamenuna.

Sasa ikatokea siku moja akawa na furaha. Rangi nyekundu aliyokuwa akiihangaikia, ile iliyokuwa ikimkataa kila mara na kutoka kama matofali, siku hiyo ilikubali. Ilitoka nyekundu ya kweli, nyekundu inayotulia. Akakata kipande kidogo kwa ajili ya binti yake, akafunga kazi mapema, akarudi nyumbani akiimba njia nzima.

Alipofungua mlango, alimwona mkewe akilisogeza bakuli la udongo kutoka ukingoni mwa meza hadi katikati. Hakulitazama. Aliusogeza tu mkono, kama mtu anavyofunga dirisha akisikia upepo. Binti yake, ambaye saa hizo hucheza sakafuni, hakuonekana. Kulikuwa na visigino viwili vidogo vimechomoza chini ya kitanda.

Baruti akainama. "Mama, mbona umejificha?"

"Sijajificha, baba. Niko tu huku."

"Huku kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akasimama na kile kitambaa chekundu mkononi. "Lakini leo sijakasirika," akamwambia mkewe, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya kadhi. "Nilikuwa naimba."

"Tulikusikia," mkewe akasema kwa upole. "Lakini mlango umeufungua vile vile unavyoufungua siku zote."

Aliketi, akala alichopewa, akatazama jinsi wawili hao walivyokuwa wakitembea chumbani kwake kwa nyayo nyepesi, kama watu wanaompita mgonjwa aliyelala. Chumba chote kilikuwa kimezuia pumzi. Akajiuliza kimekuwa hivyo tangu lini.

Alasiri hiyo, baada ya sala, hakutoka msikitini haraka kama kawaida yake. Kulikuwa na darasa barazani. Aliyesomesha alikuwa shekhe kijana, mdogo kwa Baruti kwa miaka mingi, ambaye elimu yake ilisifiwa hadi miji ya mbali, lakini mafua hayakumwacha kiangazi wala masika. Akitaja jina la Mwenyezi Mungu alitulia, akapenga kamasi kwa adabu, kisha akaendelea. Nyuma ya mgongo wake watu walimwita Shekhe Mafua, na inasemekana alijua. Siku hiyo alizungumzia nafsi: jinsi inavyomdai mtu kila kitu na isivyomshukuru kwa lolote, na jinsi watu wema wa zamani walivyokuwa wakikaa nayo kila jioni na kuihoji kama mtu anavyomhoji mshirika wake wa biashara.

Watu walipoondoka, Baruti akasogea.

"Shekhe, mimi nina hasira."

"Sote tunazo, baba."

"Hapana. Zangu zinafika nyumbani kabla yangu."

Shekhe alimtazama vizuri, akaona hakuja kwa mzaha. Akamweleza yale ambayo kila mtoto wa madrasa anayajua: ajikinge kwa Mungu na Shetani, atie udhu, maana hasira ni moto na maji huzima moto. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae. Zikimtoka, vyema. Zisipomtoka, alale chini.

"Alale popote?" Baruti akauliza.

"Vipi popote?"

"Nikiwa sokoni je?"

Shekhe akafikiri. "Soko halikutajwa," akasema, "wala halikuondolewa."

"Nikishalala nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Hapo ndipo penye kazi."

Basi Baruti, ambaye hakuwahi kufanya jambo nusu nusu, akalichukua neno hilo lilivyo.

Karakanani alifanya kazi na shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mwendo wa polepole, aliyezoea kuvisemesha vitambaa wakati anavikamua: "Haya, toka maji, toka maji, usinichoshe." Siku ya pili yake shemeji alitia shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, kwenye pipa lisilohusika. Baruti akaona. Kitu kikampanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikafika shingoni. "Wewe!" akaanza. Kisha akakatisha. Akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Kitu hakikushuka. Akalala chali kwenye sakafu iliyoloa, mikono pembeni.

Shemeji alidhani amepatwa na kiharusi. Alipiga ukelele, akakimbia nje akipapasa ukuta, na mshona viatu akaja mbio na ndoo ya maji, akammwagia usoni.

"Niacheni!" Baruti akafoka, maji yakimtoka puani. "Nimekasirika tu!"

Mshona viatu akabaki na ndoo mkononi. "Hasira hizi nazo za wapi?"

Walipomwacha, alibaki pale sakafuni, amelowa. Na kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, alitazama juu.

Vitambaa vilikuwa vikipumua. Ndivyo alivyoona. Upepo mdogo uliingia kwa mlangoni ukavipitia kimoja baada ya kingine, vikajaa, vikanywea. Mwanga ulivuka chekundu ukamwangukia kifuani, ukavuka cha manjano ukamwangukia magotini. Shemeji yake, ambaye sasa alikuwa amerudi kazini kimya kimya, alichomoa kitambaa kwenye pipa la nili na kukitundika. Kilitoka kijani kama jani changa la mgomba, kisha hewa ikakigusa, na kwenye pindo zake buluu ikaanza kutambaa. Ilipanda polepole, hadi kijani yote ikamezwa. Baruti alikuwa ameyafanya hayo kwa mikono yake nusu ya umri wake. Hakuwa amewahi kuyaona. Alitazama hadi akasinzia, na alipoamka hakukumbuka mara moja kilichomlaza.

Tangu siku hiyo akawa analala. Alilala karakanani, alilala sokoni kati ya magunia, alilala kwenye ngazi za bohari ya vitambaa bawabu alipomjibu vibaya. Mwanzoni watu walikusanyika. Baadaye walimzoea, wakamruka kwa heshima. "Samahani, mzee," walisema, wakiinua pindo za nguo zao. Paka mmoja alijilaza naye na kuufanya ubavu wake kuwa mto.

Na huko chini alikuta dunia nyingine. Kelele za watu zilipita juu yake kama mto unavyompita samaki aliyelala kwenye mchanga. Aliona upande wa chini wa meza za wauzaji, alama za chaki za maseremala ambazo hakuna mteja anayeziona. Aliona mbingu nyembamba iliyobanwa na mapaa mawili. Mara nyingine usingizi ulimpitia macho yakiwa wazi, na humo alimwona mtu mwenye sura yake mwenyewe akizunguka katika nyumba isiyo na kuta, akibamiza milango. Milango ilikuwa imesimama peke yake uwanjani. Mtu yule aliifungua, akaibamiza, akauendea mwingine. Baruti alimtazama bila kumchukia. Alimhurumia kwa jinsi alivyokuwa akihangaika. Kisha mtu yule alichoka, akakaa, na hapo Baruti aliamka na kuona hasira hazipo.

Huu ulikuwa wakati wake mzuri. Laiti ungebaki hivyo.

Lakini nafsi, ikifungiwa mlango wa mbele, huzunguka na kuingia kwa uani. Sifa zilianza kuenea. Watu walisema, "Mmemwona Baruti? Yule mtu ameishinda nafsi yake." Wazazi wenye vijana wakorofi waliwapitisha karakanani ili wamwone. Baruti akasikia, na masikio yakapenda. Akanunua mkeka mdogo, uliofumwa vizuri, akawa anatembea nao kwapani. Akianza kuona kitu kinampanda, hakujibwaga tena ovyo. Alichagua mahali penye watu, akautandika mkeka, akaunyoosha pembe zake, akalala taratibu na kufumba macho kwa uso wa mtu mwema. Alipoinuka alikung'uta kanzu, akaondoka bila neno, kama aliyelipa na asiyedaiwa.

Alasiri moja mshona viatu alikuja darasani. Hakuja kusoma, alikuja kuchangamsha genge. Shekhe alikuwa katikati ya maneno, akieleza kuhusu upole, mshona viatu alipoguna kwa sauti, akashika kifua, akajiangusha chali kwenye jamvi na kufumba macho, miguu ikimtetemeka. Alivyomwigiza Baruti ilikuwa kama kumwona mwenyewe. Watu wakacheka, wengine hadi machozi.

Uso wa shekhe ukabadilika rangi. Halafu akapaza sauti, sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, "Toka! Toka nje!"

Kicheko kikafa. Mshona viatu akaketi, ameduwaa. Shekhe alikuwa tayari amekaa, na kila aliyekuwepo alijua kilichobaki ni nini. Akalivua joho lake, akalikunja, akaliweka kando. Akalala chali mbele ya wanafunzi wake wote, pua juu, akivuta kamasi.

Hakuna aliyeondoka. Vivuli vya nguzo vilisogea kwenye jamvi. Ndege waliokaa kwenye boriti walishuka, wakatembea karibu na kichwa chake wakidonoa, kama hapakuwa na mtu. Ilikuwa kana kwamba msikiti mzima umeingia ndani ya usingizi wa mtu mmoja. Hatimaye shekhe alifungua macho, akainuka, akaenda hadi alipokuwa mshona viatu, akakaa mbele yake magoti kwa magoti.

"Nisamehe," akasema. "Nimekufukuza kwenye nyumba isiyo yangu."

Mshona viatu, ambaye hakukosa neno tangu alipojifunza kusema, alishika tu mkono wa shekhe, akaubusu, akashindwa kuuachia.

Watu walipotawanyika, shekhe alimkuta Baruti mlangoni akitafuta viatu.

"Baba, huo mkeka wa nini?"

"Wa kulalia, shekhe. Zikinipanda."

"Ahaa." Shekhe akapenga kamasi. "Siku hizi zinakuja kwa miadi?"

Akaondoka. Baruti alirudi nyumbani na maneno hayo kama kijiwe ndani ya kiatu. Lakini kilichomsumbua zaidi ni jambo jingine, ambalo hakutaka kulitazama sawasawa. Shekhe alilala, kisha akaamka akamwendea mtu. Yeye amelala mara ngapi? Na akishaamka, amemwendea nani?

Haikupita muda akaambiwa waziwazi. Asubuhi moja, kabla hajatoka, mkewe alisimama mbele yake akifuta mikono kwa pindo la nguo.

"Baba watoto, kuna jambo la kaka nataka tuzungumze. Na usiseme utachelewa. Kila siku unachelewa."

Hilo la mwisho lilimgusa pabaya. Kitu kikaanza kupanda. Baruti, bila kusema, akautandika mkeka katikati ya chumba, akalala, akafumba macho.

Alitegemea kusikia nyayo zikiondoka. Badala yake alisikia mkewe akikaa sakafuni, karibu na kichwa chake.

"Zamani ulipokuwa ukipiga kelele," mkewe akasema, "angalau nilijua uko wapi. Sasa unalala kama maiti, na mimi siwezi kuzungumza na maiti."

"Nafanya haya kwa ajili yenu," Baruti akasema, macho bado yamefumbwa.

"Najua. Unalala, unaamka, unakwenda kazini. Jambo langu linabaki hapo hapo sakafuni ulipokuwa umelala. Nalifagia mimi."

Akafungua macho. Uso wa mkewe ulikuwa juu yake, umepinduka, na kwa kuwa aliutazama kutoka chini, aliona kitu ambacho hakukizoea. Hakikuwa woga. Kilikuwa uchovu, wa siku nyingi sana, umetulia pembeni mwa mdomo.

"Jambo gani la kaka yako?"

Mkewe akainuka. "Muulize mwenyewe. Lakini ukiwa umesimama."

Baruti aliuacha mkeka nyumbani, na hakuuchukua tena.

Alifikiri angemuuliza shemeji siku hiyo hiyo. Lakini kazi ilikuwa imebana. Tajiri mmoja wa vitambaa alikuwa ameagiza shehena nzima ya kijani, na kijani haina njia ya mkato: kitambaa kinatiwa manjano kwanza, kinakaushwa, kisha kinazamishwa kwenye nili, na aliyekizamisha lazima ajue kwa jicho ni wakati gani wa kukitoa. Akikitoa mapema, ni manjano yenye uchafu. Akichelewa, ni giza. Kazi hiyo ya kutoa alikuwa nayo shemeji miaka yote. Siku ya kumaliza, Baruti alitoka kidogo kwenda kununua kuni. Aliporudi, alisimama mlangoni.

Vyote vilikuwa juu ya kamba. Vingine vilikuwa na mabaka ya manjano kama majani yenye ugonjwa. Vingine vilikaribia weusi. Kimoja kilikuwa na rangi mbili, nusu na nusu, mstari katikati. Shemeji alikuwa amesimama chini yake, mikono ya buluu hadi viwikoni, uso ameuelekeza kwa Baruti lakini si kwake hasa, pembeni kidogo.

Hasira zikaja. Hizi hazikuwa zile za bawabu wala za shabu. Zilikuja na wenzao wote wa zamani. Baruti akaona mikono yake inatafuta kitu cha kushika. Akakaa. Akasikia damu masikioni. Akalala.

Binti yake alikuwa humo, ameleta chakula cha mchana kama kawaida, amejibanza nyuma ya pipa tupu. Aliyatazama yote hayo. Baada ya muda akatoka, akatembea kwa ncha za vidole hadi alipokuwa baba yake, akasimama akifikiri. Kisha akalala naye, bega kwa bega, kwenye sakafu ile ile iliyoloa.

"Baba, unaangalia nini?"

"Vitambaa."

"Ni vibaya?"

"Vibaya sana."

Mtoto akavikagua kimoja kimoja. "Kile cha mwisho kinafanana na chura."

Baruti akatazama. Kweli kilifanana na chura, chura aliyekanyagwa. Kicheko kikamtoka bila kukiita, kikamtikisa tumbo lote, na binti yake akacheka kwa sababu hakuwahi kukihisi kicheko cha baba yake kutoka karibu namna hiyo. Juu yao mabaka ya manjano na ya giza yaliyumba, mwanga ukayapitia, na kwa kitambo kidogo walikuwa kama watu wawili chini ya msitu ambao hakuna aliyeupanda. Hasira hazikuondoka kwa kishindo. Zilikauka tu, taratibu, kuanzia pembeni.

Sasa kilikuwa kimebaki kile kigumu. Baruti akainuka. Alikwenda kwenye mtungi, akatia udhu, maji yakiteremka kwenye ndevu. Akamwendea shemeji yake, akasimama mbele yake.

"Shemeji, ilikuwaje?"

Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, hakuwa amewahi kuliuliza swali hilo akisubiri jibu. Shemeji aliuvuta mdomo ndani, kama mtoto.

"Sikuziona."

"Hukuona nini?"

"Rangi." Akainua mikono yake, akaitazama kama ni ya mtu mwingine. "Ilianza mvua zilizopita. Buluu na kijani zikaanza kuchanganyika. Baadaye na kingo za vitu. Sasa hata wewe nakuona kama umesimama nyuma ya pazia jepesi. Nilikuwa nahesabu pumzi ili nijue saa ya kukitoa kitambaa. Mtoto akija na chakula alikuwa ananinong'oneza: hiki bado, mjomba, hiki tayari. Leo amechelewa kuja."

Baruti akamgeukia binti yake. Binti akatazama chini.

"Na mama yako anajua?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Nyumba nzima, basi. Wote walikuwa wameishika siri hii kwa mikono mitatu, wakiipitisha juu ya kichwa chake huku yeye amelala chini akihesabiwa mtu mwema.

"Mbona hukuniambia, shemeji?"

Hakuna uchungu uliokuwa kwenye sauti ya shemeji. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Ningekwambia saa ngapi? Ama ulikuwa unapiga kelele, ama umelala."

Baruti akaishika ile mikono ya buluu. Alitaka kusema mengi, na yote yalimjia yakiwa na sauti ya mtu mwenye mkeka kwapani, kwa hiyo akayaacha. Akasema neno moja tu.

"Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyeharibu kazi ya watu."

"Kazi itarudiwa. Wewe nisamehe kwanza."

Shemeji akakubali kwa kichwa. Walikaa wote watatu kwenye ukingo wa pipa wakala chakula kilichokwisha poa, na mjomba mtu akataka kuelezwa huyo chura yukoje.

Vitambaa walivirudisha kwenye nili hadi vikawa buluu ya usiku, kwa kuwa hapakuwa na rangi nyingine ya kuvificha. Tajiri alikuja, akafoka, akataka kujua ni mjinga gani aliyefanya hivyo. Baruti akamwambia kosa limetoka katika karakana yake na yeye ndiye mwenye karakana. Hakutaja mtu. Tajiri alivichukua huku analalama, na msimu uliofuata alipeleka kazi kwa mwingine. Mambo mengine huishia hivyo tu.

Watu hawakuacha kumwita Baruti, na si kwamba hakustahili. Hasira zilimpanda hadi uzeeni. Ila sasa alikuwa na mazoea: kila alasiri, mapipa yakishafunikwa, alikaa peke yake akaihoji nafsi yake, na swali halikuwa tena leo umelala mara ngapi. Lilikuwa, leo umemsikiliza nani. Siku nyingi jibu lilikuwa fupi. Nyumbani, mambo yalianza kumfikia moja moja, kama wageni wasio na uhakika kama wamealikwa. Mkewe alimwambia kuwa paa la jikoni linavuja. Alimwambia kuwa kwa miaka mingi hapendi kile chakula anachokipika kila Ijumaa. Alikipika kwa sababu siku ya kwanza Baruti hakugomba. Baruti alicheka, kisha akaona kuwa si jambo la kuchekesha.

Ijumaa moja baada ya sala alimpeleka shemeji kwa tabibu wa macho, ng'ambo ya mji. Tabibu alimfunua kope, akazitazama mboni kwa taa, akasogeza kidole kushoto na kulia. Alikuwa mtu mkweli. Alisema hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda, na kilichobaki kitakwenda polepole. Shemeji alimshukuru kama aliyepewa zawadi.

Walirudi kwa miguu wameshikana mikono, kwenye mitaa yenye msongamano. Mpagazi mmoja mwenye mzigo alimgonga shemeji begani, karibu amwangushe. "Huoni, wewe?" akafoka, akapita. Kile kitu kikampanda Baruti mara moja, kikafika shingoni. Lakini alikuwa ameshika mkono wa mtu. Akikaa, atamvuta. Akimkimbilia mpagazi, atamwacha peke yake katikati ya watu asiowaona. Basi akasimama nazo tu, hasira zake, kama mtu anayesubiri gari la ng'ombe lipite.

"Mkono wako una moto," shemeji akasema.

"Utapoa."

Wakasimama hadi ukapoa. Kisha wakaingia mtaa wa kimya, wenye nyumba zilizoegemeana na milango iliyopakwa rangi, kila mwenye nyumba kwa anavyopenda. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa kuta na kila kitu kilikuwa na ukungu wa dhahabu. Shemeji alipunguza mwendo.

"Hapa kuna milango," akasema. "Naiona kama mabaka. Huu wa kulia ni rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani gani?"

Baruti alikuwa mtia rangi maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumtaka aiseme rangi kwa maneno. Akausogelea mlango, akaweka kiganja kwenye mbao. "Kijani iliyokaa juani," akasema polepole. "Juu imepauka. Chini, mvua inapofika, bado imeiva. Kama... kama kitambaa unachokitoa kwenye nili, kabla hewa haijakigusa vizuri. Ule muda mfupi."

Shemeji akatabasamu, uso ameuinua kidogo kuelekea kwenye joto la jua. "Huo naujua," akasema. "Haya, na ule unaofuata?"